Kutoka Uwanja wa Vita hadi Mezani: Historia ya Istilahi za Mapigano na Sihiri katika Mchezo wa Dungeons & Dragons

1.0 Utangulizi

Uundaji wa istilahi ni uwanja ambao wataalamu wa Kiswahili wameushughulikia kwa muda mrefu. Tangu kuundwa kwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki mwaka 1930, na baadaye Baraza la Kiswahili la Taifa mwaka 1967, juhudi kubwa zimeelekezwa katika istilahi za sheria, utawala, tiba, sayansi na elimu. Istilahi za michezo, ukiondoa zile za kandanda na riadha, hazikupewa uzito wa namna hiyo. Sababu yake haifichiki. Mchezo huchukuliwa kuwa jambo la kupitishia wakati, na maneno yake huachwa yajizukie yenyewe vijiweni.

Hata hivyo, upo mchezo mmoja ambao nyenzo yake kuu ni maneno yenyewe. Bao la Kiswahili lina ubao wenye mashimo 32 na kete 64; mchezaji akisahau istilahi za namua na mtaji, bado kete anaziona kwa macho. Sataranji nayo ina vinyago vyake. Lakini mchezo wa kuigiza wahusika unaochezwa mezani, ambao ulianza kuchapishwa nchini Marekani mwaka 1974 kwa jina la Dungeons & Dragons, hauhitaji ubao wala kinyago. Watu wachache hukaa pamoja. Mmoja wao ndiye msimamizi, naye husimulia hali ya ulimwengu wa kubuni. Kila mmoja wa wengine humwongoza mhusika wake, ambaye sifa zake zimeandikwa kwenye karatasi. Wachezaji husema wahusika wao wanatenda nini, na pale matokeo yanapokuwa na shaka dadu hurushwa. Hakuna mshindi, na hadithi yaweza kuendelea kwa miaka.

Katika mchezo wa aina hii, kanuni ikiwa na neno lenye utata, mchezo wenyewe hukwama. Swali la kama mhusika amekufa au amezirai tu hujibiwa kwa fasili ya istilahi. Kwa hiyo, historia ya istilahi hizi ni historia ya jinsi maneno ya kawaida yanavyogeuzwa kuwa sheria. Mhadhara huu unachunguza historia hiyo katika nyanja mbili, yaani mapigano na sihiri, kisha unaangalia ni mafunzo gani yanapatikana kwa Kiswahili, lugha ambayo maneno yake ya sihiri yana uzito mkubwa katika maisha ya watu.

2.0 Chimbuko la Istilahi: Jeshi la Prussia na Wachezaji wa Minnesota

Istilahi nyingi za mapigano katika mchezo huu hazikubuniwa na waandishi wa hadithi za ajabu. Zilitoka jeshini. Mwaka 1812, Baron von Reisswitz alimwonyesha mfalme wa Prussia mchezo wa kufundishia vita. Mwaka 1824 mwanawe, ambaye alikuwa ofisa wa mizinga, alichapisha kanuni zilizoboreshwa. Katika kanuni hizo kulikuwa na mambo matatu ambayo yamedumu hadi leo. Kwanza, alikuwepo mwamuzi asiyekuwa upande wowote, ambaye peke yake alijua hali halisi ya uwanja. Pili, dadu zilitumika kuwakilisha bahati ya vita. Tatu, hasara ya kikosi ilihesabiwa kidogo kidogo kwa kufuata jedwali, badala ya kikosi kizima kuondolewa kwa pigo moja. Jambo hili la tatu ndilo mbegu ya istilahi itakayojadiliwa katika sehemu inayofuata.

Mchezo huo ulivuka bahari. Mwaka 1880, ofisa wa jeshi la Marekani, Charles Totten, alichapisha kitabu kiitwacho Strategos. Takriban miaka tisini baadaye kitabu hicho kilisomwa na David Wesely, mkazi wa jimbo la Minnesota, ambaye alivutiwa na wazo la mwamuzi mwenye mamlaka ya kuamua jambo lolote ambalo mchezaji angelijaribu. Mwaka 1969 Wesely aliendesha mchezo uliowekwa katika mji wa kubuni wa Ujerumani, Braunstein, ambamo kila mchezaji alipewa nafasi ya mtu mmoja badala ya jeshi. Miongoni mwa wachezaji wake alikuwamo Dave Arneson, ambaye muda mfupi baadaye alianza kuendesha mchezo wake mwenyewe katika nchi ya kubuni aliyoiita Blackmoor.

Wakati huohuo, katika mji wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, Gary Gygax na Jeff Perren walitoa mwaka 1971 kanuni za vita vya zama za kati ziitwazo Chainmail. Mwishoni mwa kitabu hicho kidogo kulikuwa na nyongeza iliyohusu majoka, mashujaa na wenye sihiri. Arneson aliitumia nyongeza hiyo katika Blackmoor, akaibadilisha kadiri alivyohitaji, kisha yeye na Gygax wakashirikiana. Matunda ya ushirikiano huo yalikuwa vijitabu vitatu vilivyotolewa mwaka 1974 na kampuni ya TSR, ambayo Gygax na Don Kaye waliianzisha mwaka 1973. Nakala za toleo la kwanza zilikuwa 1,000 tu.

Ni dhahiri basi kwamba istilahi za mchezo huu zilipita mikononi mwa watu wa aina tatu: wanajeshi waliotaka kufundisha, wachezaji wa vita vya vinyago waliotaka usahihi, na wasomaji wa riwaya waliotaka maajabu. Kila kundi liliacha alama yake katika msamiati.

3.0 Istilahi za Mapigano

3.1 Kipimo cha kustahimili pigo

Istilahi maarufu kuliko zote katika mchezo huu ni ile inayotaja idadi ya mapigo ambayo mhusika aweza kuyapokea. Katika kanuni za Chainmail, kinyago kimoja kiliweza kuwakilisha askari 20, na pigo lililofanikiwa lilikiondoa uwanjani. Hesabu hiyo ilifaa jeshi, lakini haikumfaa mtu mmoja ambaye mchezaji amekwisha kumpa jina na historia. Arneson alieleza baadaye kwamba wachezaji wake hawakupenda kuwapoteza wahusika kwa pigo moja, na kwamba ufumbuzi aliutoa katika kanuni alizokuwa ameziandika kuhusu manowari za chuma za Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Manowari haizami kwa kombora moja. Hupokea madhara hadi ifike kikomo chake. Mtu naye akahesabiwa kama manowari.

Sitiari hiyo ilizaa mgogoro wa maana. Mhusika mzoefu aliweza kuwa na kipimo kikubwa mara kumi kuliko mhusika mpya. Je, mwili wake umekuwa mgumu mara kumi? Katika vitabu vya mwaka 1978 na 1979, Gygax alijibu kwamba sivyo. Kwa maelezo yake, sehemu kubwa ya kipimo hicho si nyama wala damu, bali ni ustadi wa kukwepa, bahati, na ulinzi wa nguvu zisizoonekana. Hapa twaona jambo ambalo wanaistilahi wanalijua vyema: neno linabaki lilelile, na dhana inahama chini yake.

Dhana iliendelea kuhama. Katika vijitabu vya mwaka 1974, kipimo kikifika sifuri mhusika alikuwa amekufa. Mwongozo wa msimamizi wa mwaka 1979 uliruhusu mhusika aliyefika sifuri azirai, na mauti yakawekwa chini zaidi, kwenye kumi chini ya sifuri. Toleo la mwaka 2014 liliweka utaratibu wa kurusha dadu ili kujua kama aliyeanguka atapona au atafariki. Sifuri, ambayo mwanzoni ilikuwa kaburi, ikawa mlango tu.

3.2 Daraja la deraya

Istilahi ya pili nayo ilitoka kwenye manowari. Chombo chenye bamba nene la chuma kilitiwa katika daraja lake, na chenye bamba jembamba katika jingine. Mwaka 1974 mtu asiye na deraya alikuwa katika daraja la 9, na mwenye deraya kamili ya chuma pamoja na ngao alikuwa katika daraja la 2. Namba ndogo ilikuwa bora. Mantiki yake si ngeni kwa msomaji wa Kiswahili, kwani abiria wa daraja la kwanza katika gari moshi hukaa vizuri kuliko abiria wa daraja la tatu.

Tatizo lilijitokeza pale sihiri ilipoongeza ubora wa deraya. Jambo lililoitwa ongezeko lilibidi lipunguze namba, na deraya bora sana ikashuka chini ya sifuri. Kwa miaka zaidi ya 25 wachezaji walijifunza majedwali na hesabu za kutoa ili kukabiliana na kasoro hiyo. Toleo la mwaka 2000 liligeuza mpangilio: namba kubwa ikawa bora, nayo ikawa ndiyo shabaha ambayo mshambuliaji anapaswa kuifikia kwa dadu yenye pande 20. Neno la daraja halikubadilishwa, ingawa tangu siku hiyo halikuwa tena daraja kwa maana yake ya asili. Istilahi ilibaki kama jina la mtaa ambao mti uliouita jina umekwisha kukatwa.

3.3 Mrusho wa kunusurika

Istilahi ya tatu ilikuwapo tayari katika michezo ya vita vya vinyago kabla ya 1974. Ilimaanisha mrusho wa dadu unaompa mwathirika nafasi ya mwisho ya kuepuka dhara ambalo limekwisha kumfika. Vijitabu vya mwaka 1974 viliorodhesha mirusho mitano, ukiwamo wa sumu, wa kugeuzwa jiwe na wa pumzi ya joka. Orodha hiyo ilipangwa kwa kufuata chanzo cha hatari. Mwaka 2000 ilipangwa upya kwa kufuata sifa ya anayejitetea, ikabaki mirusho mitatu: ya ustahimilivu wa mwili, ya wepesi na ya utashi. Mabadiliko hayo yanaonekana madogo, lakini yaligeuza swali. Zamani kanuni iliuliza ni nini kimekupata. Baadaye ikauliza wewe ni nani.

Mwaka 1979 Gygax alikabili pingamizi la wasomaji waliouliza inakuwaje mtu aliyefungwa minyororo mwambani aepuke moto wa joka. Jibu lake lilikuwa kwamba huenda alipata njia fulani ya kujinasua minyororoni, au palikuwa na upenyo mwambani. Kwa maneno mengine, dadu haielezi tukio. Dadu hutoa hukumu, na msimulizi hutafuta sababu baadaye.

3.4 Neno moja, dhana nne

Mfano ulio bora zaidi kwa mwanafunzi wa istilahi ni neno la Kiingereza lenye maana ya ngazi. Katika mchezo huu neno hilo lilitumika kwa ngazi ya uzoefu wa mhusika, ngazi ya ugumu wa tabano, ngazi ya hatari ya dubwana, na ghorofa ya pango lililo chini ya ardhi. Mhusika wa ngazi ya tano aliweza kushuka ngazi ya tatu na kukutana na dubwana wa ngazi ya nne, akitumia tabano la ngazi ya pili.

Katika kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978, Gygax alikiri kwamba ilifikiriwa kutenganisha dhana hizo kwa maneno tofauti ya cheo, nguvu na safu, huku neno la ngazi likiachiwa pango peke yake. Wazo hilo liliachwa kwa kuwa wachezaji walikuwa wamekwisha kulizoea neno moja. Kanuni ya uwazi, isemayo dhana moja istilahi moja, ilishindwa na kanuni ya mazoea. Wale ambao wameshuhudia istilahi nzuri za kamati zikikataliwa mitaani watalitambua tukio hili mara moja.

4.0 Istilahi za Sihiri

Sihiri nayo iliingia katika mchezo huu ikiwa imevaa sare ya jeshi. Katika Chainmail, mwenye sihiri alifanya kazi ya mzinga: eneo la madhara ya tufe lake la moto lilipimwa kwa kulinganishwa na manati kubwa la kurushia mawe, na radi yake ililinganishwa na mzinga mzito wa uwanjani. Mtafsiri anayeliita tabano hilo kombora la moto atakuwa, pengine bila kujua, amelirudisha kwenye asili yake.

Kilichoitofautisha sihiri na mizinga kilitoka katika fasihi. Mwandishi Jack Vance, katika kitabu chake The Dying Earth cha mwaka 1950, aliwaza ulimwengu ambao mwenye elimu ya siri huyaingiza matabano machache akilini kwa juhudi kubwa, na kila tabano likishatamkwa hufutika mpaka alisome upya. Gygax aliuchukua utaratibu huo na mara kadhaa akataja alikoutoa. Ulifaa kwa sababu za kimchezo: tabano likawa kama risasi inayohesabika, na mwenye sihiri akalazimika kuamua asubuhi ni hatari zipi anazozitarajia kutwa nzima. Hivyo basi, vitenzi vya kukariri na kusahau, ambavyo katika lugha ya kawaida ni vya darasani, vikawa istilahi za vita. Katika toleo la mwaka 2000 kitenzi cha kuandaa kilishika nafasi ya kile cha kukariri, na toleo la mwaka 2014 likaulegeza utaratibu huo.

Jina la mtendaji mwenyewe lilihitaji uangalifu. Mwaka 1974 aliitwa kwa neno ambatani lenye maana ya mtumia sihiri. Jina hilo halikuwa na mvuto, lakini lilikuwa na faida ya kutokuwa na hukumu: halikusema kama mtu huyo ni mwema au mwovu. Maneno mazito zaidi, yale ya mlozi, mpandisha mizimu na mfano wa hayo, yaligawiwa kuwa vyeo vya ngazi mbalimbali. Pembeni yake aliwekwa mtumishi wa dini, ambaye nguvu zake zilitoka kwa miungu na ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kuponya. Mgawanyiko kati ya sihiri ya elimu na nguvu za ibada ulikuwa wa kimchezo tu, ili kila mmoja awe na kazi yake katika kundi. Lakini mgawanyiko huo uligusa jambo ambalo jamii nyingi hazilichukulii kuwa mchezo.

5.0 Umiliki wa Maneno na Hofu ya Maneno

Istilahi za mchezo huu zilifika mahakamani na kwenye mimbari. Katika matoleo ya awali yalitumika majina ya viumbe kutoka katika riwaya za J. R. R. Tolkien. Baada ya wenye haki za riwaya hizo kulalamika mnamo mwaka 1977, majina hayo yaliondolewa; watu wafupi wa Tolkien wakapewa jina jingine lenye maana ya nusu-mtu, na miti inayotembea ikapewa jina jipya. Dhana zilibaki, maneno yakahama.

Mwaka 1979 Arneson aliishtaki TSR akidai malipo yake. Kampuni ilikuwa imeanza kutoa vitabu vilivyoongezewa neno lenye maana ya hali ya juu katika jina lake, na hoja mojawapo iliyobishaniwa ilikuwa kama vitabu hivyo vilikuwa kazi mpya au kazi ileile kwa jina refu zaidi. Mwaka 1981 pande mbili zilipatana, na Arneson akatambuliwa kuwa mbunifu mwenza. Gygax alifariki mwaka 2008 na Arneson mwaka 2009.

Katika miaka ya 1980 lilizuka tishio la aina nyingine. Baadhi ya wazazi na viongozi wa dini nchini Marekani waliamini kwamba mchezo huu unawafundisha vijana ibada za kishetani, na mwaka 1983 kikaundwa chama cha kuupinga. Waliousoma msamiati wa vitabu hivyo walikuta mashetani, pepo, laana na matabano, nao waliyachukua maneno hayo kwa maana yake ya kanisani. Utetezi kwamba shetani katika kitabu hicho ni jedwali la namba haukuwafikia. Toleo la mwaka 1989 liliondoa maneno ya shetani na pepo, na viumbe hao waliporudishwa muda mfupi baadaye walipewa majina ya kubuni yasiyo na maana katika lugha yoyote. Maneno ya awali yalirudi mwaka 2000, baada ya mchezo kununuliwa na kampuni ya Wizards of the Coast mwaka 1997.

Mabadiliko hayajakoma. Neno la Kiingereza lenye maana ya mbari, lililotumika tangu awali kuwatenga watu wafupi na warefu, liliondolewa katika toleo la mwaka 2024, na nafasi yake ikachukuliwa na neno la kibiolojia lenye maana ya spishi. Aidha, mwaka 2000 wenye mchezo walitoa leseni iliyoruhusu wengine kuzitumia kanuni zao za msingi. Mnamo Januari 2023 walijaribu kuibadilisha leseni hiyo, wakapingwa vikali na wachezaji na wachapishaji, na tarehe 27 ya mwezi huohuo wakaziweka kanuni za msingi chini ya leseni huria ya Creative Commons. Maana yake ni kwamba mtu yeyote anaweza kuzitafsiri na kuzichapisha, mradi amtaje mwenye asili. Tangu siku hiyo, tafsiri ya Kiswahili imekuwa suala la istilahi peke yake.

6.0 Mafunzo kwa Kiswahili

Mtafsiri atakayeanza kazi hiyo atakuta kwamba istilahi za mapigano hazimpi taabu kubwa. Tafsiri sisisi ya kipimo cha mapigo ingetoa alama za pigo, ambazo msomaji angezielewa kuwa alama anazopata mpigaji. Uhai nao haufai, kwa kuwa fasili yenyewe yasema kwamba sehemu kubwa ya kipimo si uhai. Neno pumzi lina sifa zinazohitajika. Mtu aliyeishiwa pumzi amechoka, ameanguka, hawezi tena. Lakini hajakata roho. Tofauti kati ya semi hizo mbili ndiyo tofauti ambayo kanuni za Kiingereza zilichukua miaka 40 kuifikia. Deraya imo katika Kiswahili tangu zamani. Kwa mrusho wa kunusurika lipo neno nusura, ambalo katika lugha hii lina maana ya wokovu na vilevile maana ya karibu kutokea. Aliyefaulu mrusho huo amepata nusura, na nusura afe. Neno pumzi likichukuliwa, pumzi ya joka itapaswa kuitwa moto au mvuke wa joka, ili kosa la ngazi lisirudiwe.

Ugumu upo kwenye sihiri. Kiswahili hakina neno moja lisiloegemea upande. Uchawi ni nguvu ya kudhuru, na mchawi ni adui wa jamii. Uganga ni elimu ya kutibu na kulinda, na mganga ni mtu anayejulikana nyumba yake. Sihiri, neno lenye asili ya Kiarabu, limebeba katazo la dini. Mazingaombwe na kiinimacho ni ujanja wa kuhadaa macho. Kila neno limekwisha kutoa hukumu kabla ya mchezo kuanza.

Hukumu hizo si za kamusini tu. Sheria ya uchawi ya Kenya ni ya mwaka 1925 na ile ya Tanganyika ni ya mwaka 1928. Fasili ya Tanganyika ni pana kiasi cha kujumuisha hata dai la kuwa na elimu au uwezo wa siri. Nchini Tanzania, wanawake wazee wameuawa kwa kushukiwa kuwa wachawi, wakati mwingine kwa sababu tu ya macho yao kuwa mekundu, na watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo kwa imani kwamba viungo hivyo huleta utajiri. Katika mazingira hayo, kitabu cha vijana kinachomwita shujaa wake mchawi kitasomwa kwa namna ambayo mwandishi wa Wisconsin hakuiwaza. Historia nayo inaonya. Katika Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, maelfu waliingia vitani wakiamini kwamba dawa iliyotoka Ngarambe kwa Kinjikitile Ngwale itazigeuza risasi kuwa maji. Dhana ya kinga dhidi ya silaha, ambayo katika mchezo huu ni mstari mmoja wa kanuni, katika nchi hii ina makaburi.

Haifuati kwamba kazi hiyo iachwe. Inafuata kwamba ifanywe kwa kuanzia kwenye vitendo kabla ya majina ya watendaji. Kiswahili kina msamiati mpana wa vitendo vya uganga: kutabana ni kutamka maneno yenye nguvu, na tabano ndilo neno linalokidhi dhana kuu ya utaratibu uliotoka kwa Vance, kupiga ramli ni kutafuta habari zilizofichika, kago na zindiko ni kinga, kuzingua ni kuondoa madhara. Matawi ya sihiri yaliyoainishwa katika vitabu vya Marekani tangu mwaka 1978 yanaweza kupata majina yao humu bila kutohoa neno hata moja. Kwa mtendaji, mfano wa mwaka 1974 unafaa kufuatwa: neno la kazi lisilo na sifa wala lawama, kama vile mtabanaji, lililonyambuliwa kutokana na kitenzi chake. Uchawi ubaki kuwa jina la uovu wa maadui katika hadithi, kama ulivyo katika ngano za lugha hii. Sihiri yaweza kuwa jina la jumla la kitaaluma, kama lilivyotumika katika mhadhara huu, mradi fasili yake iwekwe ukurasa wa kwanza.

7.0 Hitimisho

Historia iliyoelezwa hapa inaonyesha kwamba istilahi za mchezo huu zilitengenezwa kwa mikono mingi na kwa haraka, nyingine zikatoka kwenye manowari, nyingine kwenye riwaya, na nyingine kwa amri ya mawakili. Zilizodumu si zile zilizokuwa sahihi zaidi. Ni zile ambazo wachezaji walikwisha kuzizoea kabla ya mtu kuzirekebisha. Huo ndio mzigo wa mtafsiri wa kwanza katika lugha yoyote: makosa yake hurithiwa. Wamarekani walichagua maneno yao kwanza na kukutana na hofu ya jamii miaka kumi baadaye, wakalazimika kuyafuta na kuyarudisha. Kiswahili bado hakijachagua. Kina nafasi ya kupima kila neno dhidi ya kamusi, sheria na kumbukumbu za watu, kabla dadu ya kwanza haijarushwa.